Mikono Miwili ya Kushoto

Tamarack Falls, Wisconsin
14 Novemba 1993

Dada Lavonne,

Salamu kutoka kwenye baridi, zikufikie wewe na shemeji Stan huko Arizona mnakoota jua kama mijusi. Sisi wazima. Goti la Bev linatabiri theluji kuliko redio, na mwaka huu limesema itakuwa nyingi. Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi, kwa hiyo mji mzima umevaa rangi ya chungwa ya wawindaji na hakuna fundi yeyote anayepatikana.

Sasa keti, maana nina habari. Jumanne lori lilishusha kasha refu mlangoni kwetu. Bev akafurahi, akidhani ni lile kabati nililomwahidi. Akauliza, "Ni kabati?" Nikamwambia, "Ni mkia." "Mkia wa nini?" "Wa ndege." Alivaa koti, akalitoa gari lake gerejini, akaliegesha nje chini ya msonobari, akarudi kumenya viazi. Hadi leo hajasema neno juu ya jambo hilo, na gari liko pale pale.

Ndiyo, dada, naunda ndege. Kampuni inakuletea mabati ya alumini yaliyokatwa, ramani, na mfuko wa ribiti, vile vijisumari vya kushikanisha bati kwa bati. Kazi ni yako. Mkia huja kwanza, halafu mabawa, halafu tumbo. Sheria inataka mwenyewe aunde zaidi ya nusu kwa mikono yake. Leseni ya urubani ninayo tangu nitoke jeshini, kilichokosekana ni ndege. Hii ina viti viwili: kimoja cha rubani, kingine cha mtu mwenye imani.

Usiniulize kwa nini. Watu wengine wakistaafu kiwanda cha jibini huhamia jangwani, na mimi sijawahi kuwauliza kitu.

Mdogo wako,
Verlin


Mesa, Arizona
3 Desemba 1993

Mdogo wangu mkaidi,

Barua yako imefika, nami nimeisoma nimeketi kama ulivyoamuru, na nikahitaji kuketi tena. Sisi hatujambo. Machungwa ya uani yameiva, na Stan anacheza gofu kila asubuhi bila kuwa hodari zaidi ya jana yake.

Verlin, wewe una miaka sitini na minne. Wewe ndiye uliyejenga kibanda cha shomoro nyuma ya ghala la nyasi, na shomoro wenyewe, ambao hulala hata kwenye bomba la maji machafu, wakakikataa. Leo unataka kupanda juu ndani ya kitu ulichokigongagonga mwenyewe? Sikio la kufa halisikii dawa. Mwambie Bev nampa pole, na akichoka kukwangua theluji kwenye kioo cha gari, huku kwetu theluji hakuna na chumba kipo.

Na hizo ribiti nani atakushikia? Baba alikuwa akisema huwezi hata kushika taa ya mtu mwingine bila kummulikia usoni.

Wasalimie wote huko. Wale ninaowasalimia siku zote, nao wanajijua.

Dada yako,
Lavonne


Tamarack Falls
20 Februari 1994

Dada Lavonne,

Natumaini mko salama na gofu ya shemeji inaendelea vilevile. Huku ziwa limeganda vizuri, watu wamepeleka vibanda vyao juu ya barafu na wanavua huku wakidanganyana kama kawaida. Bev ameanza kusema na mimi, ila kwa sentensi fupi.

Umeuliza nani ananishikia. Swali zuri, kwa sababu ribiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama upande huu na nyundo ya hewa, mwingine upande wa pili anagandamiza kipande cha chuma kizito kama pasi. Nyundo ikilia, chuma ndicho kinachobonyeza mkia wa ribiti ukakaa. Hawaonani, bati liko katikati. Wanaongea kwa kupigiana kelele: "Tayari?" "Tayari!" Bev alishika chuma Jumamosi moja, kisha akakiweka chini polepole, akasema, "Verlin, chagua: ribiti au ndoa." Nikatafuta mtu mwingine wa chuma.

Kazi inakwenda. Tumemaliza vile vibao viwili vya nyuma vinavyopandisha na kushusha pua ya ndege. Tulivitengeneza vizuri mno, ribiti zimenyooka, vinang'aa. Tulipovipeleka kwenye mkia kuvipima, cha kushoto kikaingia. Cha kulia nacho kilikuwa cha kushoto.

Niliwasimulia wenzangu wanaounda ndege, Ijumaa tukila samaki wa kukaanga kwenye baa ya Duane. Nilidhani watanicheka, na kweli walinicheka, lakini kumbe kila mmoja wao ana kibao chake cha kushoto cha pili kimening'inia ukutani gerejini. Duane ana viwili. Walininunulia bia wakasema sasa nimekuwa muundaji.

Tumeagiza bati jingine.

Wako,
Verlin


Mesa
9 Machi 1994

Verlin,

Hatujambo, machungwa yamekwisha, tuyaache hayo.

"Tumemaliza." "Tulivitengeneza." "Tumeagiza." Mwalimu wetu wa shule angekuuliza, na mimi nakuuliza: sisi akina nani? Bev hagusi, umesema mwenyewe. Duane ana ndege yake. Nani huyo anayeweza kuangalia ramani ya kulia na mkono wake ukakata ya kushoto?

Mimi katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu mwenye kipaji hicho. Nilipoolewa, Stan aliniletea kutoka vitani hariri ya mwavuli wa kurukia, nzuri, nyeupe, kipande kimoja na hakuna kingine Wisconsin nzima. Na huyo mtu, anayekata kila kitu kwa mkono wa kushoto, akanishonea gauni la harusi lenye mikono miwili ya kushoto. Usiku wa kuamkia harusi! Ndiyo maana katika picha zote nimeuficha mkono wangu wa kulia nyuma ya maua. Watoto wangu walikua wakidhani niliungua.

Kama ni yeye, usiniambie. Kama si yeye, niambie upesi.

Lavonne


Tamarack Falls
12 Juni 1994

Dada Lavonne,

Samahani kwa kukawia. Uliniambia kama ni yeye nisikuambie. Nimetii.

Mabawa yamekuja. Gereji haina tena nafasi ya kupiga chafya. Bev amepanda nyanya mahali ambapo gari lilikuwa linapita, kwa hiyo nadhani amekata tamaa, au analipiza. Mbu wameanza.

Mtu wangu wa chuma ni hodari sana sasa. Hachoki, haogopi kelele, na anakuja na thermosi yake ya kahawa. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya gauni tu. Akasema kutoka upande wa pili wa bati, "Ile hariri ilikuwa inateleza."

Nimeona nikufikishie.

Verlin


Mesa
30 Julai 1994

Verlin,

Inateleza! Karibu miaka hamsini na hilo ndilo jibu?

Huku joto limezidi hata mijusi uliotutukania nao wamejificha. Stan ameacha gofu kwa muda, kwa hiyo yuko nyumbani kutwa, nami niko kwenye hali mbaya ya kuandika barua. Lakini nitakueleza jambo hili mara moja, kwa sababu siku ile ulikuwa nje na wanaume.

Siku tulipomzika Mama, wanawake wote walikuwa jikoni wanaosha vyombo. Nikakunja mikono ya gauni nikaenda kwenye beseni. Arlys (haya, nimemwandika huyo dada yako mwingine) akanishika bega, akasema, "Kaa wewe, mgeni wetu." Kisha akafungua kabati akatoa kile kikombe chenye mstari wa dhahabu. Unakijua. Mama alikuwa akikitoa kwa ajili ya mchungaji na daktari tu. Akanitilia kahawa mbele ya watu wote.

Mgeni! Katika jiko lile nililolikwangua masizi tangu nikiwa na miaka sita! Najua yeye ndiye aliyebaki kumtunza Mama na mimi nilikuwa mbali. Angeweza kunitukana, ningemtukana, tungelia, yakaisha. Badala yake akanipa kikombe cha mchungaji. Nilikinywa, nikasema asante, nikarudi Arizona, na sijakanyaga tena huko. Unadhani ni kiburi. Iliniuma, Verlin, na bado inauma.

Sasa unda ndege yako.

Lavonne


Tamarack Falls
16 Oktoba 1994

Dada Lavonne,

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikumsomea mtu. Asante kwa kuniambia.

Majani yameanguka, Bev amevuna nyanya nyingi kuliko chupa zake za kusindikia, na kuna ngano ndefu kuhusu Duane na nguruwe wa mkwewe ambayo nitaiacha kwa leo.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Usiogope, si kitu kibaya. Ni ubavu mmoja wa bawa, yaani kibati chepesi cha kulishikilia kwa ndani. Sisi waundaji tuna desturi: kabla ya kufunga bawa kwa bati la mwisho, jamaa huandika majina yao ndani. Likishapigwa ribiti hakuna atakayeyaona tena, lakini yapo, na yanapanda juu pamoja nawe. Bev ameshaandika kwenye ubavu mwingine. Ameandika jina lake na neno "KABATI".

Hapo penye nafasi, andika au usiandike. Bawa nalifunga kabla ya Krismasi.

Wako,
Verlin


Mesa
27 Novemba 1994

Mdogo wangu,

Kifurushi kilifika kitambo. Stan alidhani ni kipande cha mashine ya kufulia akakipeleka kwa fundi, ndiyo maana nimechelewa. Sehemu ya kuchelewa ni hiyo. Sehemu nyingine ni mimi.

Hukuniambia kwamba Arlys naye ameshaandika. Lile bati ni refu kama mkono wangu, na jina lake kaliandika kwenye ncha kabisa, herufi zimelala nyuma kama kawaida yake, amejibana hadi "s" ya mwisho imekunjika. Sehemu nyingine yote tupu.

Wewe ulikuwa mdogo, ulilala na Mama. Mimi na Arlys tulilala kitanda kimoja chumba cha juu, na upande mmoja lilipita bomba la jiko la chini, lenye joto. Upande mwingine ulikuwa wa dirisha, asubuhi unakuta barafu kwenye blanketi. Alikuwa akipanda kwanza, kila usiku, anajibana ukingoni upande wa dirisha, ananiachia upande wa bomba. Hakuwahi kusema, nami sikuwahi kumshukuru, nilidhani ndivyo anavyopenda kulala.

Nililia, Verlin. Usimwambie. Ukilazimika, sema vilikuwa vitunguu.

Nimeandika jina langu. Bati nimelirudisha kwa posta ya haraka. Usinishukuru, na usidhani lina maana nyingine yoyote.

Lavonne


Tamarack Falls
25 Juni 1995

Dada Lavonne,

Nimekaa kimya miezi mingi kwa sababu maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa ndani hadi shingoni: injini, nyaya, vioo, rangi. Hatujambo sote.

Imeruka, dada.

Tuliisomba hadi kiwanjani kwa trela ya Duane ya kubebea nyasi, mabawa yamefunguliwa na kulazwa upande. Mkaguzi wa serikali akaja, akachungulia kila tundu kwa tochi, akakuna kidevu, akasaini. Sheria inataka ubandike mlangoni, kwa herufi kubwa, neno YA MAJARIBIO, ili anayepanda asije akasema hakuambiwa. Bev aliomba abakishiwe seti moja ya herufi hizo, akazibandika kwenye mlango wa chumba chetu.

Asubuhi ile niliondoka peke yangu. Sitakueleza sana kwa sababu sijui. Nilipita juu ya shamba la zamani. Ghala la nyasi bado limeinama. Niliimba, na sauti yangu unaijua, kwa hiyo heri kiti cha pili kilikuwa kitupu. Nilipotua, Bev alikuwa amesimama kwenye nyasi analia na kunitukana kwa zamu. Jioni alirudisha gari lake gerejini, akakaa ndani yake kidogo injini ikiwa imezimwa, kwa raha tu.

Sasa saa zangu za kuruka peke yangu, ambazo sheria inazitaka kwanza, zitaisha Agosti. Baada ya hapo naweza kumbeba mtu. Nilimwambia mtu wangu wa chuma kwamba kiti ni chake, amekifanyia kazi. Akasema, "Mkubwa kwanza." Nikamwambia mkubwa yuko Arizona. Akasema, "Basi kitakaa kitupu." Nimembembeleza wiki tatu. Unamjua.

Kwa hiyo nahitaji uzito wako. Ni hesabu tu ya kusawazisha ndege. Yeye alikwenda kupimwa kwenye mzani wa magunia pale duka la mbegu, na viatu miguuni, mbele ya watu. Wako unaweza kuuandika kwa siri.

Verlin


Mesa
6 Julai 1995

Verlin,

Hongera. Nilimsomea Stan, akapiga makofi.

Ratili mia moja na arobaini. Haimaanishi nakuja.

Lavonne


Tamarack Falls
15 Julai 1995

Dada Lavonne,

Mia moja na arobaini ulikuwa nazo siku ya harusi, na hiyo ni pamoja na maua.

Watu nawavumilia wakinidanganya, hata mimi navua samaki. Lakini ndege haina adabu. Ukiiambia mia moja na arobaini yenyewe inapima upya hewani, na hapo hakuna wa kumwomba radhi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nasema mficha uzito haruki.

Na kwa kuwa tunaambiana kweli, mimi nimefanya jambo usilonituma. Nilimuuliza Arlys kuhusu kikombe. Ilikuwa kabla ndege haijaruka, tunafunga ribiti za mwisho za mlango, bati katikati, na nadhani ndiyo maana alijibu. Nakuandikia kama alivyosema:

"Alikuja amevaa gauni la krimu, limepigwa pasi, amesafiri usiku kucha. Ningempa masufuria ya mafuta aoshe? Nilichukua kitu kizuri kuliko vyote nyumbani nikampa. Na miaka yote hii ananinunia kwa sababu ya kikombe kizuri!"

Halafu akasema, "Tayari?" Nikasema tayari. Akasema, "Mimi nilitaka aoshe, Verlin. Nilitaka akae jikoni na mimi mpaka watu waondoke. Sikujua namna ya kumwomba mtu aliyevaa vile." Kisha tukapiga ribiti, na ile ilikaa upande. Nimeiacha ilivyo.

Mwanzoni nilikuambia usiniulize kwa nini naunda. Sasa nakuambia. Dada, nina dada wawili, na nilifikiri kwa kina nikaona kuna njia mbili tu za kuwarudisha mahali pamoja: mazishi yangu au jambo hili. Hili lina kelele zaidi, lakini na mimi nitakuwepo kulifurahia.

Njoo nyumbani. Niandikie uzito.

Verlin


Mesa
28 Julai 1995

Mdogo wangu,

Nimekata tiketi. Nafika tarehe kumi na tisa Agosti, kwa ndege ya watu waliosomea kazi hiyo. Stan anabaki, eti kuna mashindano ya gofu. Kwa kweli anaogopa utampandisha.

Sasa sikiliza, na hili umsomee yeye lote, bila kuruka.

Mwambie gauni lile la krimu nilinunua kwa ajili ya siku ile tu, ili mtu yeyote asiseme Lavonne wa Arizona amekuja kuzika mama yake amevaa hovyo. Nilikuwa tayari kulichafua kwa mafuta ya masufuria. Ningelichafua kwa furaha. Mwambie kitanda kile nimejua upande gani ulikuwa na joto. Siyo wakati ule, sasa.

Mwambie nakuja nimevaa suruali ya kufanyia bustani. Nikikiona kile kikombe chenye mstari wa dhahabu mezani, nageukia mlangoni. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nalitaka jembe langu siku ya kwanza, kabla sijavua kofia. Kama ndege imekwisha na hakuna tena ribiti ya kushikia chuma, basi atafute viazi, tutapika lefse, zile chapati za Mama. Yeye akande, mimi nigeuze, na zikitoka zote zimepinda kushoto sitasema neno.

Nitapanda kwanza. Akiniona nimetua mzima, naye apande, asitafute kisingizio.

Hii iliyobaki ni yako peke yako, usimsomee. Stan hajui, daktari wangu anajua nusu. Nimepanda mzani wa posta, ule wa vifurushi vikubwa, karani amegeuka. Na viatu miguuni.

Mia moja themanini na tatu.

Choma barua.

Dada yako,
Lavonne